Siku Tulipobadilishana Funguo za Utambuzi

Mada ya uainishaji wa viumbe hai tuliianza kwa kukariri ngazi zake kuanzia ile pana kuliko zote hadi ile finyu kabisa: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Sikuipenda hata kidogo, na mpaka leo naona kuwa kuanza na orodha hiyo ndiko kunakowafanya wanafunzi wengi waichukie mada ambayo, kwa haki yake, ni miongoni mwa mada tamu kabisa za biolojia. Kilichonibadilisha mtazamo ni kipindi kimoja cha maabara, ambacho mwalimu wetu aliingia akiwa na trei mbili za sampuli na kutuagiza tufunge madaftari.

Kila kundi lilitakiwa kuandika ufunguo wa utambuzi. Ufunguo wa aina hiyo ni mfululizo wa hatua, na katika kila hatua yamo maelezo mawili yanayopingana; msomaji huchagua lile linalolingana na kiumbe kilicho mbele yake, nalo humpeleka kwenye hatua nyingine, hivyo hivyo hadi afike kwenye jina. Mwalimu alikataza maneno kama “kubwa” na “ndogo”, kwa kuwa ukubwa hubadilika kwa umri na kwa lishe, kisha akaongeza sharti lililotutia wasiwasi sote: tukimaliza, makundi yangebadilishana funguo, na anayeupima ufunguo wa wenzake asingeruhusiwa kuwauliza chochote waliouandika.

Trei ya kwanza ilikuwa na jongoo na tandu waliohifadhiwa katika spiriti, nge, buibui, kaa, panzi mkavu, na popo aliyekaushwa ambaye bawa lake moja lilikuwa limekunjuliwa na kubanwa kwa pini. Ya pili ilikuwa na uyoga, jimbi, tawi changa la msonobari na kipande cha gome la mti chenye mabaka ya kijivu.

Wengi wa wanyama wale ni wa faila moja ya athropoda, wenye gamba gumu nje ya mwili na miguu yenye viungo, kwa hiyo kuwatenganisha hakukuwa kugumu: panzi ana jozi tatu za miguu, nge na buibui wana jozi nne na hawana vipapasio, kaa ana jozi tano tukihesabu pamoja na magando, na waliobaki wana miguu mingi. Ufunguo tulioletewa na kundi la jirani ulipita hatua hizo zote bila tatizo. Ulipofika kwa wale wenye miguu mingi uliandika kwamba kila pingili ikiwa na jozi moja ya miguu, huyo ni tandu, na ikiwa na jozi mbili, huyo ni jongoo. Ndivyo vitabu vinavyosema, na ndivyo na sisi tulivyokuwa tumesikia darasani.

Mwenzangu aliyeshika lenzi ya mkono alimlaza jongoo chali, akaanza kuhesabu kutoka kichwani kama mtu anayesoma mstari wa maandishi, halafu akatangaza kwamba mnyama huyu ana jozi moja moja, kwa hiyo ni tandu. Tulicheka, lakini tulipoangalia kwa zamu tuliona kwamba alichokisema kilikuwepo. Pingili ya kwanza nyuma ya kichwa cha jongoo haina mguu hata mmoja, na tatu zinazofuata zina jozi moja tu kila moja. Jozi mbili mbili huanzia hapo na kuendelea nyuma. Ufunguo ulikuwa umesema kweli kuhusu sehemu kubwa ya mwili, ila haukumwambia msomaji atazame wapi. Waandishi wake waliurekebisha kwa maneno matatu, “katikati ya mwili”, na mwalimu, ambaye nadhani alilingojea jambo hilo tangu mwanzo, akatueleza kwamba kwa jongoo aliyetoka tu kuanguliwa hata marekebisho hayo yasingefaa, kwa sababu jongoo wengi huanza maisha wakiwa na jozi tatu tu za miguu na huongeza pingili na miguu kila wanapojivua gamba. Kwa ufunguo wetu sote, mtoto wa jongoo angepelekwa moja kwa moja kwa wadudu akae na panzi.

Tandu, kwa upande wake, hakutusumbua. Jozi ya kwanza ya miguu yake imegeuka kuwa kucha za sumu zilizokunjwa chini ya kichwa, na ukiziona mara moja huwezi kumchanganya tena. Jozi za miguu ya tandu mzima huwa ni namba witiri, kumi na tano au zaidi, kwa hiyo anayetarajia kumkuta na miguu mia kamili atahesabu bure.

Mjadala mkali ulitokea kwenye ufunguo wa kundi la tatu, ambao hatua yake ya kwanza iliuliza kama mnyama ana mabawa au hana. Panzi na popo wakaangukia upande mmoja, wengine wote upande wa pili. Ulipopimwa ulifanya kazi vizuri kuliko wetu, kwa hatua chache zaidi, na hakuna sampuli iliyopotea njia. Mwanafunzi mmoja alikasirika, akasema ufunguo huo haufai kwa kuwa popo si ndugu wa panzi. Mwalimu akaupa alama zote. Kisha akaliomba kundi hilo hilo lisogeze bawa la popo karibu na bawa la panzi na kueleza kinachoonekana. Ndani ya bawa la popo kulikuwa na mifupa ya mkono: mfupa wa juu, mifupa ya kigasha, na vidole virefu kupita kiasi vilivyotandazwa chini ya ngozi nyembamba, huku kidole gumba kikiwa kimebaki kifupi chenye ukucha. Katika bawa la panzi hakukuwa na mfupa wowote. Lilikuwa utando uliotokana na gamba la nje, wenye mishipa iliyokauka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tumefundishwa mambo mawili kwa jina moja. Ufunguo ni chombo cha kumfikisha mtu kwenye jina, nao una ruhusa ya kutumia alama yoyote inayoonekana upesi. Uainishaji unatafuta undugu, yaani nani ametokana na nani, na alama iliyozuka mara mbili katika koo mbili tofauti, kama bawa, haiwezi kuthibitisha undugu huo. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyetuachia desturi ya kumpa kila kiumbe jina la sehemu mbili, ile ya jenasi na ile ya spishi, alichapisha toleo lake la kwanza la uainishaji mwaka 1735, zaidi ya karne moja kabla ya Darwin kueleza kwamba viumbe vinavyofanana vimetokana na mababu wa pamoja, na alipanga viumbe kwa kufanana kwao tu. Ajabu ni jinsi mafungu yake mengi yalivyodumu hata baada ya kufanana huko kupewa sababu.

Uyoga ni mfano wa fungu ambalo halikudumu. Linnaeus aliuweka pamoja na mimea, na nusu ya darasa letu ilifanya vivyo hivyo, kwa hoja kwamba umeota na hautembei. Lakini hauna umbijani, ile kemikali ya kijani ya majani, haujitengenezei chakula, na kuta za seli zake zina kitini, dutu ngumu ambayo imo pia katika gamba la panzi na kaa. Mwaka 1969 mwanaikolojia Mmarekani Robert Whittaker aliwapa fungi, yaani uyoga na jamaa zake, himaya yao katika mpango wa himaya tano, na uchunguzi wa DNA baadaye umeonyesha kuwa wana undugu wa karibu na wanyama kuliko na mimea.

Likabaki gome. Tulilikwangua baka moja kwa wembe na kukuta chini ya ngozi ya kijivu tabaka jembamba la kijani, na mwalimu akatuambia kwamba hicho ni kuvumwani, fungi na mwani wanaoishi pamoja, na kwamba jina la kisayansi linalopewa umbo zima ni la yule fungi. Kwenye ufunguo halikutupa shida. Kwenye jedwali la himaya tuliliandika chini ya fungi, tukaongeza pembeni kuwa kijani kile ni cha kiumbe kingine. Mwalimu alitia alama ya vema, akaandika chini yake kwa kalamu nyekundu: “Cha himaya gani?” Washirika hao wanaweza kuwa mwani wa kijani wenye kiini katika seli, au bakteria wa kijani-buluu wasio na kiini, na wembe haungeweza kutuonyesha. Tuliuhifadhi ule ukwangu katika bahasha, tukaandika kwenye ratiba kwamba kipindi kinachofuata tutahitaji hadubini.