Somo la Kuchanganya Kulia na Kushoto

Nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Maseno mhadhiri wetu alipoandika ubaoni nambari ya matatu ya njia ya Kisumu–Busia, akatutaka tutunge sarufi, yaani seti ya kanuni, ya kuzalisha nambari zote za muundo huo: herufi tatu zinazoanza na K, tarakimu tatu, kisha herufi moja ya mwisho. Kazi haikutuchukua muda. Alama ya kuanzia, S, inatoa K na kuiachia alama A zamu. A inatoa herufi na kuiachia B. Zamu zikaendelea hivyo hadi F, iliyotoa herufi ya mwisho na kukomea hapo. Hiyo ni sarufi regula, aina ya 3 katika mpangilio wa sarufi alioutoa mwanaisimu Noam Chomsky mwaka 1959, na kila alama ya zamu, S hadi F, ni hali moja ya otomata, mashine ya kufikirika inayosoma herufi moja moja huku ikihama kutoka hali hadi hali.

Alieleza kwamba alama za zamu zikiwekwa kushoto badala ya kulia katika kanuni zote, lugha zinazopatikana, yaani seti za mifuatano ya herufi, ni zilezile. Hapo mwenzetu mmoja akauliza, "Mwalimu, na tukichanganya?" Kwangu mimi, somo lote la muhula ule lilikuwa ndani ya swali hilo.

Mhadhiri aliandika kanuni tatu, mshale ukimaanisha "inatoa": S → aT, T → Sb, T → b. Tukazifuata polepole: S, aT, aSb, aaTb, aabb. Hakuna kanuni hata moja iliyovunja sharti la kuweka alama ya zamu kwenye ncha moja ikitazamwa peke yake, lakini kwa pamoja ziliukuza mfuatano kutoka ncha zote mbili, na kila a ikapata b yake. Alidai lugha hiyo si regula, kisha akataka tuithibitishe wenyewe.

Aliyeuliza ndiye aliyekwenda ubaoni. Chukueni otomata yoyote yenye hali zenye kikomo, alisema, muilishe a moja, mbili, tatu, na kuendelea. Kwa kuwa hali zitaisha kabla ya idadi hizo, lazima idadi mbili tofauti ziifikishe kwenye hali moja, na tangu hapo haiwezi kuzitenganisha, hivyo b zinazokubaliwa kwa idadi ya kwanza zitakubaliwa pia kwa ya pili, ilhali lugha yetu inadai b zilingane na a. Niliiweka kalamu chini nikasikiliza tu. Sikuwahi kuona hoja fupi kiasi kile ikifunga mlango kwa mashine zote kwa mpigo mmoja.

Mhadhiri aliongeza jambo moja: otomata ikiwa na hali n, mifuatano n + 1 inatosha kuleta mgongano huo, kuanzia ule usio na a hata moja.