Atabegi: mlezi aliyegeuka mwenye nyumba

Ukikutana na neno "atabegi" katika historia ya Waseljuki, ukoo wa Kituruki uliotawala Iran na nchi jirani katika karne ya 11 na 12, usilisome kama "gavana" tu. Ni maneno mawili ya Kituruki: ata, yaani baba, na beg, yaani bwana au amiri.

Sultani alimpa mwanawe mdogo mkoa, kisha akamweka amiri mzoefu amlee, amfundishe kutawala na aongoze jeshi kwa niaba yake. Sultani akifa, mara nyingine mlezi alimwoa mjane. Hapo ndipo mambo yalipoharibika: askari na kodi viko mkononi mwa mlezi, mtoto amebaki na jina.

Tazama Damascus. Tughtekin, atabegi wa Duqaq, mwanamfalme wa Kiseljuki aliyeutawala mji huo, alimwoa mama wa kijana huyo. Duqaq alipofariki mwaka 1104, Tughtekin akaushika mji, na ukoo wake ukakaa hadi 1154. Eldiguz wa Azerbaijan alikuwa mjanja zaidi, kwa maoni yangu: alimwoa Mumine Khatun, mjane wa sultani Tughril II, na mwaka 1161 akamkalisha mwanawe wa kambo, Arslan Shah, kwenye kiti cha usultani. Kijana anakaa, mzee anaamua. Zengi, aliyepewa Mosul mwaka 1127 pamoja na ulezi, ndiye aliyeiteka Edessa, mji uliokuwa mikononi mwa Wapiganaji wa Msalaba, mwaka 1144.

Baadaye cheo kikawa cha kurithiwa hata pasipo mtoto wa kulea, kama kwa Wasalghuri, ukoo uliotawala Fars, kusini mwa Iran. Misri ya Wamamluki, askari watumwa waliogeuka watawala, nako atabegi alikuwa amiri jeshi mkuu.