Mara ya Pili Meli Haikutuacha

Februari 2023, saa kumi na moja kasorobo jioni, nilikuwa ndani ya teksi na mama yangu kwenye barabara ya MacArthur Causeway, Miami, tukiitazama meli ya matembezi tuliyokuwa tumelipia ikienda zake bila sisi. Barabara ile imepita kando kwa kando na mkondo wa kutokea bandarini, kwa hiyo kwa dakika kadhaa tulikwenda nayo sambamba, sisi kwenye lami na yenyewe majini, watu wamejaa kwenye roshani wanapunga mikono. Mama alifungua mkoba, akatoa tasbihi, akaanza kuvuta uradi. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Ushauri ulionifikisha hapo nilipewa na rafiki aliyewahi kupanda meli hizi mara moja. "Hoteli ya Miami ya nini? Panda ndege ya alfajiri, mchana uko bandarini, unaingia unakula." Yeye anakaa Florida. Mimi naishi Minneapolis, na Februari ya Minneapolis kila mtu anaijua. Usiku ule theluji ilishuka mpaka asubuhi. Ndege iliyokuwa iondoke saa kumi na mbili ilikaa foleni ya kunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu, ikarudishwa mlangoni, tukashushwa, tukapandishwa tena. Tulipaa karibu saa nne. Kule Miami saa iko mbele kwa moja, masanduku nayo yakachelewa kutoka. Nilipofika kwenye jengo la abiria, jasho linanitiririka na mama yuko kwenye kiti cha magurudumu, meli ilikuwa bado imefungwa gatini pale pale, kubwa kama mtaa, lakini milango ilikuwa imeshafungwa kwa nusu saa. Yule dada wa mapokezi alinieleza kwa upole kwamba orodha ya abiria lazima iwafikie maafisa wa mipaka kabla meli haijaondoka, na ikishapelekwa haiongezwi jina. Nilimsihi mpaka nikalia. Haikusaidia kitu.

Bima ya safari sikuikata, maana nayo niliambiwa ni wizi. Nilichorudishiwa ni kodi za bandari na bakshishi tulizolipa mapema, basi. Zaidi ya dola elfu moja zilikwenda na maji.

Pesa zinatafutwa. Kilichonichoma ni mama. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa kamba bandarini Kilindini, Mombasa: meli ikija yeye anaifunga, ikiondoka yeye anaifungua. Mama amezaliwa 1953, na utotoni alikuwa akiziona Karanja na Kampala zikipita pale Lighthouse, meli za abiria za kwenda Bombay, na anajua kwamba zikifika ndani babake ndiye atakayezipokea. Nimekua nikimsikia akisema, "Baba amezifunga meli zote hizo, na hakupanda hata moja." Nilipopata kazi ya kudumu hapa Marekani niliweka nia kwamba yeye atapanda, na si dau la Lamu, meli hasa. Halafu nikamkosesha mbele ya macho yake.

Alipokuja tena kunitembelea mwisho wa 2024 sikumwambia mtu kwamba nitampandisha meli tena. Lakini siri kwa jamaa zetu haikai, na simu zikaanza. Mmoja aliniambia mzee wa miaka 71 mwenye magoti mabovu hapelekwi baharini. Mwingine, kwamba chakula chote kule ni nguruwe. Shangazi yangu wa Majengo akasema atatapika siku saba mfululizo. Wote wanampenda mama, nami nawaheshimu, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuuliza meli yenyewe inasemaje. Mimi niliuliza. Nilipiga simu, nikajaza fomu ya abiria mwenye mahitaji maalumu, nikaandika barua kuhusu chakula zaidi ya miezi miwili kabla. Visa ya mama ilikuwa ya kuingia mara nyingi. Kama ya mzazi wako si hivyo, usilipe hata senti, kwa sababu kurudi Miami ni kuingia Marekani upya. Bima nilikata siku ile ile niliyolipia. Na tulifika Miami siku moja kabla, tukalala hoteli ya kawaida karibu na uwanja wa ndege, saa nne asubuhi tuko bandarini. Kijana wa bandari alimsukuma mama tangu tuliposhuka kwenye teksi hadi ndani ya meli, na huduma ile hailipiwi. Nilimpa bakshishi kwa moyo wangu wote.

Meli ilikuwa ya daraja la Oasis, zile za mita mia tatu sitini na zaidi, abiria elfu tano na kitu, na katikati yake kuna bustani ya miti hai iliyo wazi juu. Mama alishika jani kuhakikisha si plastiki.

Chumba ndicho nilichobishania sana. Kila mtu ananiambia: chukua cha juu, mbele, chenye roshani, mama apate upepo. Huko juu na omo, yaani mbele ya meli, ndiko kunakoyumba kuliko kote. Aliyepanda jahazi anajua: chombo kikienda mrama, kaa katikati na kaa chini. Nilichukua cha ndani, sitaha ya chini, katikati kabisa baina ya omo na tezi, yaani mbele na nyuma, cha aina ya watu wenye ulemavu, mlango mpana, bafu halina kizingiti na lina kiti cha kukalia. Dirisha hakuna, na bei ni ndogo. Sisi wawili kililipiwa kama dola elfu moja na mia nne hivi, ukiweka bakshishi za kila siku na tiketi za ndege tukakaribia elfu mbili na nusu. Siku ya tatu, tulipotoka Nassau, Bahamas, kushuka kusini-mashariki kwenye visiwa vya Karibi, tukakutana na upepo wa Desemba ambao watu wa visiwa vile huuita upepo wa Krismasi. Meli ile ilivyo kubwa, ilisikika. Majirani wa sitaha za juu walishinda wamelala. Mama alitafuna tangawizi mbichi kipande, akasema, "Hii ni kaskazi ya huku," akaendelea na kitabu chake cha dua.

Kabini ziko mamia katika ujia mmoja, milango yote sawa, na mama hasomi tarakimu vizuri bila miwani. Milango yenyewe ni ya chuma. Nilikuwa nimebeba sumaku ndogo sita kutoka nyumbani. Nikapasua leso yake moja kuukuu nyekundu, nikabandika kipande mlangoni. Akitokea tu kwenye lifti anaiona kwa mbali. Siku za wiki nazo zilikuwa zimeandikwa kwenye zulia la lifti, wanalibadilisha kila siku, kwa hiyo Ijumaa hakuikosa.

Sasa kibla. Hili lilinikosesha usingizi kabla ya safari kuliko lolote, na hakuna aliyenisaidia, mmoja aliniambia "elekea popote, wewe msafiri." Mama hawezi hilo mpaka ashindwe kweli kweli. Dira ya simu ndani ya kabini ya chuma haitulii, ukisogea hatua moja inakupa jibu jingine. Kwa hiyo nyumbani nilikuwa nimekata duara la kadibodi, nikaligawa nyuzi 360 kwa kalamu. Kwenye runinga ya chumbani kuna chaneli inayoonyesha ramani, kasi, na meli inaelekea nyuzi ngapi. Kitanda cha mama kichwa chake kilikuwa upande wa omo. Basi nalaza kadibodi sakafuni, nazungusha mpaka nyuzi za runinga zikabiliane na omo, kisha natafuta sitini na kitu, maana kutoka visiwa vile Makka iko kaskazini-mashariki. Pale ndipo mswala unapotandikwa. Wakati wa kwenda tuliswali kushoto kwa omo, karibu na kabati. Tulipogeuza kurudi Miami kadibodi ikasema kulia, nyuma. Mama alisimama akatazama duara, akatazama runinga, akaniambia, "Kibla kimehamia mlangoni." Tangu hapo kila sala ananiuliza mwenyewe nyuzi ngapi leo, na siku ya mwisho akawa anaizungusha kadibodi peke yake, magoti na yote, mkono mmoja ameshika kitanda. Ile kadibodi amerudi nayo Mombasa.

Chakula kilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopeshwa. Barua yangu ilikuwa imefika. Usiku wa kwanza mkuu wa wahudumu alikuja mezani na karatasi, na kila jioni akatuletea orodha ya kesho tuchague mapema nyama ya halali. Siku isiyopatikana, samaki. Mhudumu wa kabini alikuwa Mwindonesia. Mama alimtolea salamu kwa Kiarabu cha kila Mwislamu, akaitikia huku ameweka mkono kifuani, na kutoka siku hiyo taulo za kutawadhia zikawa haziishi. Jambo moja: usibebe birika la umeme. Nilishauriwa nibebe, nikasoma kanuni nikaliacha. Chochote chenye kuchemsha huchukuliwa mlangoni unarudishiwa mwisho wa safari. Mimi nilibeba chupa ya chai na iliki ya kusaga. Maji ya moto na majani ya chai yapo kule juu kwenye ukumbi wa chakula usiku na mchana, bure. Saa kumi ya alfajiri mama anakunywa chai yake ya iliki katikati ya bahari ya Karibi.

Nassau hatukukaa sana. Niliona zile ngazi zilizochongwa kwenye jabali na watumwa, wanaziita za Malkia, mama akaziangalia kutoka chini akasoma Fatiha. Philipsburg pale Sint Maarten tulipanda kiboti kutoka gatini hadi mjini, akanunua kofia ya wajukuu, tukarudi. Kisiwa kile sehemu moja iko chini ya Uholanzi na nyingine chini ya Ufaransa, kwa mapatano ya 1648, na mama hakuona ajabu, alisema pwani yetu nayo ilimilikiwa na sultani ikatawaliwa na Mwingereza.

Lakini St. Thomas! Tumetoka tu gatini Crown Bay, madereva wanaita wateja: "Safari! Safari!" Mama aligeuka kwa kasi nikadhani atateguka shingo. Ndivyo wanavyoyaita magari yao ya kubebea watu, pikapu ndefu zilizowekwa mabenchi nyuma na paa, pande zote wazi. Akataka kumwambia dereva hilo ni neno letu. Nikamfasiria, dereva akacheka sana, akamkalisha mbele kwenye kiti kizuri. Mbele ndipo alipoona la pili: wanaendesha kushoto kama kwetu, na hapo ni himaya ya Marekani, iliyonunuliwa kutoka Denmark mwaka 1917. Usukani nao uko kushoto, kwa hiyo dereva anakaa upande wa mtaro. Mama akahesabu miti njiani: mkungu, mnazi, mshelisheli. Alipouona mshelisheli na matunda yake alimgusa dereva bega asimamishe, akashuka, akalishika tunda kwa mikono miwili bila kulichuma. "Haya," akasema, "sasa naweza kurudi."

Saa yangu ya mkononi, ya dola kumi, niliifuatisha saa ya meli tangu siku ya kwanza sikuigusa. Simu hujibadilisha yenyewe kila kisiwa, na kuna watu wanaachwa hivyo. Mimi nilikuwa nimeshaachwa mara moja. Kila bandari tulirudi saa moja na nusu kabla.

Na kila bandari, tunapowasili, mama hakutazama kisiwa. Alinitaka nimpeleke kwenye sitaha iliyo chini, nje, pale unapoyaona maji yanayopungua kati ya meli na gati. Alikuwa akitazama watu wa kamba. Alfajiri ya Jumamosi, Miami, taa za mji bado zinawaka, tulikuwa hapo tena kabla hata ya mlio wa injini za pembeni kunyamaza. "Angalia," akaniambia. "Kwanza inarushwa ile nyembamba yenye kichwa kizito. Hiyo haifungi kitu. Inaivuta nene." Kweli ikaruka, mtu wa gati akaidaka, wakaja wengine wawili, wakavuta mpaka ile kamba nene kama paja ikatoka majini ikichuruzika, wakaiinua kwa pamoja wakaivika kwenye nguzo. Kisha ya pili. Mama alikuwa akizihesabu kwa tasbihi, moja moja. Kijana wa kiti cha magurudumu akaja kutuambia lifti ziko tupu sasa hivi, ni wakati mzuri wa kushuka. Mama alimwinulia kiganja angoje. Zilikuwa zimebaki mbili.