Nilivyokadiria gharama za programu kwenye mradi wa maji Tanga

Mabomba yalikuwa yamepimwa vizuri. Kwenye jedwali la gharama, ambalo saiti kila mtu analiita BOQ, kila kipenyo kilikuwa na mstari wake: urefu kwa mita, kuchimba mtaro, mchanga wa kulalia, kufukia, kupima presha. Mwisho kabisa, chini ya rangi ya nyumba ya pampu, palikuwa na mstari mmoja: "Mfumo wa kompyuta wa kusimamia mtandao wa maji, jumla." Mkandarasi alitaka nijaze bei hapo kabla zabuni haijafungwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya umma kwa mtandao.

Mkadiriaji majenzi wake, yaani mpimaji wa kazi na gharama za ujenzi, ni mtu mzima, amefanya kazi hiyo tangu sisi hatujaanza shule. Nilimwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, nipe namba tu. Maelezo watayataka baadaye."

"Mzee, bomba la inchi 6 ungelitia bei kabla hujajua linakwenda mita ngapi?"

Akanivutia kiti. Kuanzia hapo tulifanya kazi kwa njia yake: kwanza kupima, bei baadaye.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua nini hakitaandikwa. Rasimu ilitaka pia mfumo wa ankara, na sekta ya maji tayari ina mfumo wake wa ankara. Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, andiko la mradi wa TEHAMA wa taasisi ya umma hupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao, na swali la kama mfumo wa namna hiyo upo tayari haliepukiki. Tukaufuta, tukabakiza muunganisho na ule uliopo tu. Vikabaki vitu vitatu: ramani ya mabomba na vali, taarifa za uvujaji kutoka kwa wateja, na hati za kazi za mafundi.

Kuvipima nilitumia njia ya Allan Albrecht, aliyoieleza akiwa IBM mwaka 1979. Badala ya kuhesabu mistari ya msimbo, yaani maandishi ya programu, unahesabu kile ambacho mfumo unamfanyia mtumiaji: kuingiza taarifa, kutoa ripoti, kujibu maulizo, kutunza kumbukumbu zake na kuzungumza na mifumo mingine. Kila kimoja kina uzito. Kwa ugumu wa wastani, fomu ya kuripoti bomba lililopasuka ni pointi 4, ripoti ya mwezi 5, daftari la vali 10, muunganisho na mfumo wa nje 7. Barry Boehm naye, mwaka 1981, alitoa kanuni inayoanzia kwenye maelfu ya mistari ya msimbo. Ninamheshimu sana, ila kwenye zabuni mistari hiyo bado haipo, ilhali fomu unaweza kuzihesabu mezani pamoja na mteja.

Ule uzito wa 7 sikuuamini peke yake. Msimbo wa muunganisho ni mfupi. Kinachokula muda ni barua, vibali, kusubiri kufunguliwa mazingira ya majaribio, na kumpata mhusika. Kwa kazi za aina hiyo niliandika makadirio matatu ya siku za kazi: mambo yakienda vizuri 6, kwa kawaida 10, yakikwama 26. Ile ya kawaida unaizidisha kwa 4, unajumlisha zote, unagawa kwa 6, unapata 12. Mkadiriaji aliipenda kwa sababu ile 26 ilibaki kwenye karatasi, ikionekana na kila mtu.

Lakini gharama kubwa kuliko zote haikuwa programu hata kidogo. Ilikuwa taarifa. Nilitembea Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, na fundi bomba wa siku nyingi. Vali anazijua kwa kichwa: hii iko nyuma ya kibanda cha chipsi, ile imefunikwa na lami. "Ukiifuata kwa ramani hupati," aliniambia mbele ya nyumba moja. "Ramani ni ya kabla ya barabara." Akaonyesha kwa mguu mahali pa kuchimba, na vali ilikuwepo.

Mfumo wa ramani usio na vali hizo ni skrini tupu, na kumwajiri mwanaprogramu hodari zaidi hakubadilishi hilo. Kwa hiyo nilipima ukusanyaji kama mtaro unavyopimwa, kwa kilomita: vishikwambi, bando, bodaboda mpaka Pongwe, kibarua wa jembe, mtu wa kuhakiki. Fundi nilimwandikia mstari wake mwenyewe, kwa malipo ya mtaalamu. Hapo sikukubali kupunguza. Ujuzi alionao hauko ofisini, na mradi wa umma unaouchukua bure unamdhulumu. Tulipojumlisha, ukusanyaji ulizidi uandishi wa programu.

Kisha miaka 5 ya kuendesha: seva, SMS kwa wateja, matengenezo, mafunzo kwa watumishi wapya, vishikwambi vya kubadilisha. Nikaweka VAT ya asilimia 18, na nikakumbuka kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwenye malipo ya huduma. Haiwi gharama ya mradi, lakini kampuni ndogo isipoipangia, hukosa mshahara wa mwezi.

BOQ haipokei makadirio ya kuanzia hapa hadi pale, nayo programu haina bei moja ya kweli mapema hivyo. Tulichofanya ni kugawa. Kazi zinazohesabika zilipata bei kamili. Miunganisho ilipata fedha ya makadirio, inayolipwa kwa kazi iliyothibitishwa. Mstari mmoja ukawa ukurasa na nusu, na kila tulichokidhania kimeandikwa kando yake.

Mkandarasi alishinda. Kwenye majadiliano taasisi yenye mradi iliomba bei ishuke, na pendekezo la kwanza lilikuwa kuondoa matengenezo baada ya mwaka mmoja. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa na mstari wake, niliweza kuwaonyesha pa kukata: aplikesheni ya simu ya wateja. Uvujaji ungeripotiwa kwa kupiga simu, na mtumishi wa dawati angejaza fomu ileile. Walikubali, miaka 5 ikabaki. Wiki hiyohiyo mhasibu wao aliniomba nakala ya ukurasa wa uendeshaji, autengee fungu kwenye bajeti ya mwaka uliofuata.