Siku yangu na hesabu za mionzi

Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye matatu, Githurai kwenda mjini. Saa kumi na mbili na nusu napima mashine kabla mgonjwa wa kwanza hajalala kitandani. Mimi ni mwanafizikia wa tiba ya mionzi. Wengi hudhani kazi yangu ni kurekebisha mitambo.

Saa nne nafungua kompyuta. Usiku kucha Geant4-DNA, programu ya kuigiza mionzi kwenye kompyuta, ilikuwa ikifuata chembe za mionzi moja moja ndani ya kiini cha seli: imegonga wapi, imekata uzi upi wa DNA. Kila hatua hubahatishwa, kwa hiyo zoezi hurudiwa mara nyingi mno hadi picha itulie. Grei 1 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) hukata nyuzi zote mbili mahali kama 40 katika seli moja. Seli yenye afya hujirekebisha kwa saa chache, ya saratani mara nyingi hushindwa, na tiba yetu yote imesimama juu ya tofauti hiyo. Naipenda sana sehemu hii ya kazi.

Mchana likaja faili la mama kutoka Kitui, mwenye saratani ya mlango wa kizazi, grei 2 kila siku. Amekosa siku nne: kwanza nauli, halafu mashine ikaharibika. Tiba nzima inatakiwa iishe ndani ya wiki 8, maana seli zilizosalia zinaendelea kuzaana.

Mwanawe ameshasimama mlangoni.

"Daktari, mchomeni mara mbili kwa mpigo turudi nyumbani. Hapa tunalala kwa watu, Kayole."

Nikamweleza. Akauliza tena, kwa sauti ya juu. Si mionzi ni ileile? Si jumla ni ileile? Chakula changu kikapoa mezani. Nikamgeuzia skrini: grei 4 kwa mpigo, badala ya mbili leo na mbili kesho, zinauumiza uvimbe asilimia 17 zaidi, lakini kibofu na utumbo wa chini zinaviumiza asilimia 40 zaidi. Madhara hayo hayaonekani leo. Huja baada ya miezi, hata miaka, mtu anakojoa damu na saratani ilishapona.

Kijana akanyamaza, kisha akaanza upya habari za nauli. Na nauli ni kweli, sina jibu la nauli.

"Mwache apige hesabu zake," mama akasema.

Nikapiga, nikarudia, mwenzangu akakagua. Tutafidia Jumamosi mbili, na Ijumaa mbili atachomwa asubuhi na tena mchana, zikipita si chini ya saa sita katikati ili seli zenye afya zijirekebishe. Daktari bingwa alitia sahihi giza likiingia, macho yangu yakiwaka.

"Sasa Jumamosi tuje saa ngapi?" kijana akauliza.

"Saa mbili asubuhi. Na mama anywe maji ya kutosha kabla ya kuingia, kibofu kiwe kimejaa."

Akaandika kwenye simu.