Ndiyo, Siyo, na Chupa ya Maji

Mwaka 2021 nilikuwa wakala wa pesa za simu kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, nje kidogo ya Mwanza. Jina la mwalo siliweki, maana nikilitaja nitakuwa nimemtaja na mtu. Kibanda changu kilitazamana na vichanja vya dagaa, na riziki ilipatikana mpaka tarehe 15 Julai, tozo za miamala zilipoanza. Juu ya makato ya kampuni, serikali nayo ikawa inachukua yake, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi. Mnunuzi wa dagaa yuko Dar, mzigo uko huku: "Tuma na ya kutolea." Ghafla hiyo ya kutolea ikawa ugomvi.

Jirani yangu, mchuuzi tuliyemwita Mayu, akaanza kuficha noti kwenye kopo la maziwa chini ya magunia.

"Bora panya kuliko nyie," aliniambia, utadhani tozo nimeitunga mimi.

Agosti mbunge akaja. Turubai, viti vya plastiki, spika inayokoroma. Akamaliza barabara, akamaliza zahanati. Kipaza sauti kiliponifikia nikauliza moja tu: Juni, Muswada wa Sheria ya Fedha uliotuletea tozo ulipohojiwa, mheshimiwa ulisema ndiyo au siyo?

Alifungua chupa ya maji. Akanywa, akaifunga, kisha akakikaza tena kifuniko ambacho kilishakaza. Akasema swali ni zuri. Akasema Bunge ni chombo cha pamoja. Akasema mjadala ulikuwa mrefu, "na wengine tulikuwa tunatoka na kuingia."

Mayu akasimama, kipaza sauti hana.

"Baba, mwanangu akivunja chungu namuuliza, ni wewe? Atasema ndiyo, atasema siyo. Hajawahi kuniambia alikuwa anatoka na kuingia."

Watu walicheka, mbunge akacheka kuliko wote. Akampa elfu kumi ya soda. Mayu akaipokea, na mimi simlaumu, ikaenda moja kwa moja kwenye kopo.

Mimi lakini lile jibu lilinikaa kooni. Baadaye nikatafuta hansadi, taarifa rasmi ya yanayosemwa bungeni, kwenye simu. Kura ya bajeti huitwa jina kwa jina, na lake nililikuta kwenye orodha ya ndiyo. Nikafungua siku ya muswada wenyewe, ule wenye tozo. Hapo hakuna majina. Spika anahoji, wanaoafiki wanasema ndiyo, wasioafiki siyo, naye anasikiliza upande upi umezidi. Kilichoandikwa ni "Hoja ilitolewa iamuliwe", chini yake "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Basi. Nilipandisha na kushusha kurasa zile mpaka chaji ikaisha. Kwa hiyo hata leo siwezi kuapa kwamba alitudanganya, na nadhani alilijua hilo tangu anafungua ile chupa.

Septemba tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Hazikupita siku nyingi, gari la matangazo likaingia mwaloni, na nyuma yake yeye mwenyewe. Safari hii kumbukumbu zilikuwa zimemrudia. "Tulipambana kule ndani!" nilimsikia.

Nikamwita Mayu twende tukamsikilize. Hakugeuka hata kichwa. Mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani, na alikuwa bado hajaanua dagaa.