Homa ya mafua ikirudi mara ya pili

Mtoto mwenye influenza akipata nafuu, kisha siku moja mbili baadaye homa ikapanda tena na kikohozi kikazidi, usiseme ni mafua yaleyale. Virusi huchubua utando wa njia ya hewa pamoja na vinyweleo vinavyofagia makohozi. Bakteria waliokuwa wametulia puani, hasa pneumokoki na stafilokoki, hupata upenyo wa kushuka mapafuni. Nimonia ya stafilokoki ndiyo ya kuogopwa zaidi: mtoto anaweza kuwa hoi ndani ya saa chache.

Hesabu pumzi. Mfunue kifua akiwa ametulia au amelala, si akilia, uhesabu dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na kuendelea kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu anapovuta hewa, midomo ikiwa ya buluu, akishindwa kunyonya au akilegea: hospitali, sasa hivi.

Oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya influenza, hufaa zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo, ila kwa aliyezidiwa daktari huianza hata akichelewa. Aspirini asipewe kabisa. Inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ini na ubongo.